Spika aliyekopesha fadhila: kupanda na kuanguka kwa Larry Householder wa Ohio

Asubuhi ya tarehe 21 Julai 2020, makachero wa FBI walifika kwenye shamba moja huko Glenford, kijiji cha Kaunti ya Perry kusini mashariki mwa Ohio, wakamkamata mwenye shamba. Mwenye shamba huyo alikuwa Larry Householder, Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, mtu ambaye kwa mwaka mmoja na nusu hakuna muswada uliopita mjini Columbus, makao makuu ya jimbo, bila ridhaa yake. Siku hiyohiyo mwendesha mashtaka wa serikali kuu, David DeVillers, aliwaambia waandishi wa habari kwamba huenda hii ndiyo rushwa kubwa kuliko zote zilizowahi kutendwa dhidi ya watu wa Ohio. Fedha zilizotajwa zilikuwa takriban dola milioni 60.

Niweke neno moja sawa kwanza. Nikisema jimbo hapa, simaanishi jimbo la uchaguzi la mbunge. Ohio ni moja ya majimbo 50 yanayounda Marekani. Lina watu zaidi ya milioni 11, gavana wake, mahakama zake, na bunge lenye mabaraza mawili: Seneti ya watu 33 na Baraza la Wawakilishi la watu 99. Mambo yanayomgusa mtu nyumbani kwake, kama bei ya umeme, shule na barabara, huamuliwa zaidi Columbus kuliko Washington. Spika wa huko ni mtu mzito kweli, ingawa ukivuka mpaka wa Ohio hakuna anayemjua. Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo. Mambo haya yalitendeka mahali ambapo kamera za dunia hazielekezwi.

Householder alizaliwa mwaka 1959. Kaunti ya Perry iko kwenye vilima vya Appalachia, nchi ya mashamba madogo na migodi ya makaa ya mawe ambayo enzi zake zimepita. Alikuwa mkulima na wakala wa bima, akawa kamishna wa kaunti, na mwaka 1996 akachaguliwa kuingia bungeni kwa tiketi ya Republican. Alikuwa mhafidhina wa vijijini: kanisa, bunduki, kupinga utoaji mimba, kodi ndogo. Wapiga kura wake walimwona ni mtu wao, na katika hayo hakuwadanganya.

Kilichompandisha, hata hivyo, hakikuwa msimamo wake. Wahafidhina wenye msimamo kama wake walikuwa wengi. Yeye alijua kukopesha fadhila. Alizunguka akitafuta watu wa kugombea viti, akawasaidia kupata fedha na washauri wa kampeni, nao wakishinda wanaingia bungeni wakijua nani aliwashika mkono. Mwaka 2001, akiwa na miaka minne tu bungeni, tayari alikuwa Spika. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na Householder alihakikisha wake hauwi mtupu.

Awamu ya kwanza iliisha vibaya. Mwaka 2004 FBI walianza kuchunguza tuhuma za fedha dhidi yake na washauri wake. Uchunguzi ule ulifungwa bila mtu kushtakiwa, na yeye akaondoka kwa sababu ya ukomo wa mihula, kwani katiba ya Ohio hairuhusu mwakilishi kukaa zaidi ya miaka minane mfululizo. Akarudi kwao, akashika nafasi ya mkaguzi wa hesabu wa kaunti, na kwa zaidi ya miaka kumi jina lake halikusikika sana Columbus.

Mwaka 2016 aligombea tena, akashinda. Mwezi aliorudi bungeni, Januari 2017, alipanda ndege binafsi ya kampuni ya umeme ya FirstEnergy kwenda Washington kwenye sherehe za kuapishwa kwa Donald Trump. Mwezi uliofuata, Februari, iliandikishwa taasisi iitwayo Generation Now. Kuanzia Machi, FirstEnergy ikaanza kuiingizia taasisi hiyo dola 250,000 kila robo mwaka.

Kisa chote kimefungwa kwenye fundo hili la miezi mitatu, na bila kulielewa mtu hawezi kuelewa kwa nini ilichukua miaka kumkamata. Sheria ya kodi ya Marekani ina kifungu kinachoitwa 501(c)(4). Kinaruhusu kuundwa kwa taasisi ya ustawi wa jamii isiyotafuta faida, ambayo inaweza kujihusisha na siasa kwa kiasi fulani na hailazimiki kutangaza hadharani majina ya wanaoichangia. Mgombea akipokea mchango wa kawaida, jina la mtoaji na kiasi vinaandikwa, na mwandishi wa habari yeyote anaweza kuvisoma. Fedha zikipitia taasisi ya aina hii, mwananchi anaona tangazo kwenye runinga na jina zuri lisilomwambia kitu, basi. Wamarekani huziita fedha za gizani. Kwenye makaratasi Generation Now haikuwa mali ya Householder. Aliyeishika alikuwa Jeff Longstreth, mpanga mikakati wake. Mshawishi mashuhuri wa Columbus (mtu anayelipwa kuwashawishi wabunge), Neil Clark, alirekodiwa akiwaeleza makachero waliojifanya wafanyabiashara kwamba uzuri wa chombo hicho ni siri yake: hakuna anayejua fedha zinaishia kwa Spika.

FirstEnergy ilitaka nini? Kampuni yake tanzu ilimiliki vinu viwili vya nyuklia kando ya Ziwa Erie, Davis-Besse na Perry. (Kinu cha Perry kiko Kaunti ya Lake kaskazini, mbali na Kaunti ya Perry ya Householder. Majina yamegongana tu.) Gesi asilia ilikuwa imeshuka bei, na umeme wa vinu vile ulishindwa kushindana sokoni. Machi 2018 kampuni tanzu hiyo iliomba kinga ya mufilisi na kutangaza kwamba vinu vitafungwa. Kilichohitajika ni sheria ya kumlazimisha kila mlipa bili ya umeme wa Ohio kuchangia kuviokoa, na ili sheria ipite, alihitajika Spika.

Kwenye uchaguzi wa 2018, fedha za FirstEnergy zilipita Generation Now zikalipia matangazo, vipeperushi na wafanyakazi wa wagombea waliojulikana kama timu ya Householder. Wengi wao walishinda. Tarehe 7 Januari 2019 baraza lilipopiga kura ya Spika, Warepublican wenyewe walikuwa wamegawanyika, wengi wao wakimtaka Ryan Smith. Householder alipata kura 52 dhidi ya 46. Kati ya hizo 52, Warepublican walikuwa 26 na Wademocrat 26.

Nirudie: nusu ya kura zilizomweka kitini zilitoka kwa wapinzani. Wademocrat walimwona ni mtu wa kuelewana naye, hasa kuhusu vyama vya wafanyakazi, ambavyo Warepublican wengine walitaka kuvibana. Wanaokisimulia kisa hiki kama kisa cha chama kimoja wanaruka ukweli huu, nami sitauruka. Mhafidhina wa Glenford alikuwa na kitu cha kumpa kila mtu. Miezi mitatu baadaye baraza lake lilipitisha sheria ya kuzuia utoaji mimba pindi mapigo ya moyo ya kijusi yanaposikika, jambo ambalo wahafidhina walikuwa wamelipigania kwa miaka. Kulia alitoa, kushoto alitoa, na katikati ukawekwa muswada wa umeme.

Muswada huo uliitwa HB 6, yaani muswada namba 6 wa Baraza la Wawakilishi. Ungezipatia Davis-Besse na Perry dola milioni 150 kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2027, kwa kumkata mteja wa nyumbani senti 85 kwa mwezi. Ndani yake kulikuwa na ruzuku nyingine kwa mitambo miwili mikongwe ya makaa ya mawe, Kyger Creek ya Ohio na Clifty Creek, ambayo iko jimbo jirani la Indiana. Ulikata malengo ya umeme wa jua na upepo, ukafuta programu za kubana matumizi, na ukawa na kifungu kilichoihakikishia FirstEnergy mapato hata watu wakitumia umeme kidogo. Jumla ya gharama kwa wananchi ilikadiriwa kufika dola bilioni 1.3. Ukasifiwa kuwa ni muswada wa hewa safi.

Tarehe 23 Julai 2019 baraza liliupitisha kwa kura 51 dhidi ya 38. Zilizohitajika zilikuwa 50. Gavana Mike DeWine alitia saini siku hiyohiyo.

Hapa namlaumu Householder kwa vigezo vyake mwenyewe. Mhafidhina wa Marekani anafundishwa tangu utotoni kwamba serikali isiingize mkono sokoni, na kwamba kampuni iliyoshindwa ishindwe. Wahafidhina wa kweli wa Ohio walisema hivyo waziwazi, na Warepublican kadhaa waliukataa muswada. Spika wao akasimamia sheria ya kumtoza mjane mwenye bili ndogo ili kampuni kubwa isipate hasara. Hata kama senti moja ya rushwa isingepita, huo ungekuwa usaliti wa imani aliyodai kuishika.

Wananchi walikuwa na njia moja imebaki. Katiba ya Ohio inaruhusu sheria mpya kupelekwa kwenye kura ya maoni, mradi zikusanywe saini za kutosha ndani ya siku 90. Safari hii zilihitajika 265,774. Zaidi ya mwezi mmoja ulipotea kwenye taratibu za kuidhinisha maelezo ya ombi, na muda uliobaki ulitumiwa na upande wa pili kufanya mambo ambayo hadi leo yananikera ninapoyasoma. Kati ya mwishoni mwa Julai na Oktoba 2019, dola milioni 38 ziliingia Generation Now kwa kazi ya kuizuia kura hiyo. Kampuni za kukusanya saini zilikodiwa ili tu zisifanye kazi kwa wapinzani. Wakusanya saini waliokuwa mtaani waliahidiwa pesa na tiketi ya ndege waache kazi warudi kwao. Matangazo ya runinga na vipeperushi vya posta viliwaambia watu kwamba serikali ya China inanyemelea gridi ya umeme ya Ohio, na kwamba anayetia saini anawapa Wachina taarifa zake. Hoja yote hiyo ilijengwa juu ya ukweli kwamba benki ya serikali ya China ilikuwa miongoni mwa wakopeshaji wa mitambo fulani ya gesi.

Sasa tazama mahali ukuta ulipopata ufa. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi upande wa wakusanya saini alitafutwa na Matt Borges, mwenyekiti wa zamani wa chama cha Republican jimboni, mtu aliyemfahamu na kumheshimu. Walikutana kwenye mgahawa wa kahawa Columbus. Borges alitaka taarifa za ndani: saini ni ngapi na zinatoka wapi. Kwa malipo, dola 15,000. Kijana hakupiga kelele wala hakuandika mtandaoni. Alikwenda FBI, akakubali kufungwa kinasa sauti, akarudi kwenye mazungumzo na kupokea hundi huku kila neno likirekodiwa. Mamilioni yale yote yalikuwa yamepita kwenye akaunti zilizotengenezwa zisionekane, lakini hundi ile ya 15,000 ilikuwa na mtoaji, mpokeaji, tarehe na sauti. Jina la kijana huyo lilisikika mahakamani, lakini sioni haja ya kuliandika hapa. Alichokifanya kinatosha.

Kura ya maoni haikufanyika. Saini hazikutimia ifikapo Oktoba 2019, na wenye sheria yao walidhani wameshinda. Mwaka uliofuata fedha za FirstEnergy ziliingia kwenye mpango wa kubadili ukomo wa mihula ili mbunge aweze kukaa hadi miaka 16, jambo ambalo lingemwacha Householder kitini kwa muda mrefu. Kisha ikaja ile asubuhi ya Julai.

Alikamatwa pamoja na Longstreth, Clark, Borges na mshawishi mwingine, Juan Cespedes. Siku tisa baadaye wabunge walimvua uspika kwa kura 90 bila hata moja ya kumtetea. Lakini kiti cha uwakilishi walimwachia. Jina lake likabaki kwenye karatasi ya kura, hakuwa na mpinzani aliyechapishwa humo ila watu wa kuandikwa kwa mkono, na Novemba 2020 wananchi wa wilaya yake wakamrudisha. Akaendelea kuingia bungeni, kupiga kura na kulipwa mshahara, huku amefunguliwa mashtaka ya kuendesha genge la uhalifu.

Waliokataa kumfukuza walisema mtu hana hatia hadi mahakama iseme, na waliomchagua walijua mashtaka yake. Hoja hiyo si ya kupuuza. Mimi mwenyewe ningeogopa bunge linalomtupa nje kila mwenye kesi. Lakini kufikia mwezi Oktoba, Longstreth na Cespedes walikuwa tayari wamekiri makosa mahakamani na kueleza namna mpango ulivyofanya kazi. Baada ya hapo kisingizio kilikuwa chembamba sana. Wengi waliokaa kimya walikuwa wamebebwa na fedha zilezile hadi kwenye viti vyao, na fadhila ilikuwa bado inadai. Tarehe 16 Juni 2021 ndipo baraza lilipomfukuza, kura 75 dhidi ya 21. Mbunge wa mwisho kufukuzwa Ohio kabla yake alikuwa John Slough mwaka 1857, kwa kosa la kumpiga mwenzake ngumi.

Mwezi uliofuata FirstEnergy yenyewe ilikubaliana na waendesha mashtaka: ikakiri kwamba ililipa fedha zile kwa Spika ili apitishe sheria, na pia kwamba ilimlipa Sam Randazzo dola milioni 4.3 muda mfupi kabla hajawa mwenyekiti wa tume ya jimbo inayosimamia kampuni za umeme. Faini ilikuwa dola milioni 230.

Kesi ilisikilizwa Cincinnati kuanzia Januari 2023 mbele ya Jaji Timothy Black. Clark hakuwepo. Alifariki Machi 2021. Householder alichukua hatua ambayo washtakiwa wengi wa aina yake huikwepa: alipanda kizimbani kujitetea mwenyewe. Akasema vinu vya nyuklia vilikuwa ajira na umeme wa watu wake, aliamini katika sheria ile, na fedha zilikuwa michango ya kisiasa kama inayopokelewa na kila mwanasiasa.

Utetezi huu haukuwa wa kitoto, kwa sababu kuna sehemu ya kweli ndani yake. Sheria ya Marekani inalinda michango ya kampeni kwa nguvu sana. Kampuni inaweza kumpenda mwanasiasa kwa misimamo yake na kumchangia, naye akaendelea na misimamo ileile, na hilo si rushwa. Kinachogeuza mchango kuwa hongo ni makubaliano ya nipe nikupe. Makubaliano kama hayo hayaandikwi mkataba. Yanasomwa kwenye mwendo wa mambo: ndege ya Januari, taasisi ya Februari, malipo ya Machi, kiti cha uspika, kisha sheria yenyewe, na dola milioni 38 za kuilinda. Waendesha mashtaka waliyapanga mbele ya jopo la raia wanaoamua kesi, meseji kwa meseji na muamala kwa muamala. Wakaonyesha pia kwamba zaidi ya dola 400,000 hazikwenda kwenye siasa yoyote. Zilimlipia deni la kesi ya kibiashara, matengenezo ya nyumba yake ya Florida, na madeni ya kadi ya benki. Nyumba ya Florida haina uhusiano na ajira za wafanyakazi wa Ziwa Erie.

Tarehe 9 Machi 2023 jopo liliwatia hatiani Householder na Borges. Juni 29 Jaji Black alimpa Householder miaka 20, adhabu ya juu kabisa kwa kosa lile, akimwita mbabe mwenye uchu wa madaraka. Alikuwa na miaka 64. Alitolewa mahakamani akiwa na pingu moja kwa moja. Kesho yake Borges alipata miaka mitano. Mei 2025 Mahakama ya Rufaa iliithibitisha hukumu ya wote wawili. Randazzo alifunguliwa mashtaka Desemba 2023 na akafariki Aprili 2024 kabla ya kesi. Wakuu wawili wa zamani wa FirstEnergy, Chuck Jones na Michael Dowling, walishtakiwa nao, na walikana makosa.

Na vile vinu? Desemba 2020 mahakama ilizuia makato ya senti 85 kabla hayajaanza, na Machi 2021 bunge lilifuta ruzuku ya nyuklia kabisa. Davis-Besse na Perry havikufungwa. Viliendelea kuzalisha umeme, pamoja na yote yaliyosemwa kwamba bila HB 6 vitazimwa na watu watapoteza kazi.

Ruzuku ya makaa ya mawe ndiyo iliyosahauliwa. Bunge lilipofuta ile ya nyuklia, hii liliiacha ndani ya sheria ileile iliyonunuliwa, na ikaendelea kukatwa kwenye bili mwezi baada ya mwezi: Spika akiwa amefukuzwa, Spika akiwa ametiwa hatiani, Spika akiwa gerezani. Ilifutwa kwa sheria iliyosainiwa Mei 2025 na makato yakakoma Agosti mwaka huo. Kwa zaidi ya miaka mitano, watu wa Ohio walikuwa wakiulipia mtambo wa Clifty Creek, ulioko Indiana.